Mama alikataa kubebwa na mkwe wake: tulivyopigania pesa za mafunzo ya mafuriko kijijini kwetu

Wakuu, salaam kwenu nyote. Naandika ya nyumbani kwetu na siongezi chumvi, maana Mama amenikalisha nimsomee kabla sijaposti.

Kwetu ni bonde la mto Sabaki, upande wa Kakuyuni. Mimi nakaanga viazi karai kituoni. Shule niliachia kidato cha pili, lakini ndoto ninazo nyingi kuliko viazi.

Mafuriko yaliyopita tulipelekwa shule ya msingi, tukabanwa sote darasa moja. Mama akatandika leso yake. Kuinua macho, anamwona Karisa, mume wa dadangu, anatandika mkeka pale pale kando.

Wasio wa huku mtauliza, kwani kuna nini?

Kwetu Wagiriama, mtu na mama mkwe wake wana heshima yao. Hawagusani, hawakai karibu, hawasemeshani ana kwa ana. Kulala chumba kimoja ndiyo haisemeki kabisa.

Mama alikunja leso akatoka, tukadhani anakwenda chooni. Kumbe amerudi nyumbani.

Tulimkuta kesho yake juu ya uchaga wa mahindi, maji yanapita chini ya miguu yake. Kifua hakijapona mpaka leo. Akatuambia wazi kwamba mvua nyingine ikija, yeye hatoki.

Nililia sana wakuu. Halafu nikaacha kulia.

Shirika moja lenye ofisi Malindi mjini likaja baada ya mafuriko hayo kutuletea mafunzo ya maafa. Mwalimu katoka Nairobi, fulana mpya, soda, na picha za watu wakishuka ngazi za ghorofa. Ghorofa, Kakuyuni!

Karisa, kwa kuwa ana mgongo wa nguvu, akapangiwa kubeba wazee wa upande wetu, Mama akiwemo. Wenzake wakampigia makofi. Mimi nilimwona jasho linamtoka.

Nikapanda gari mpaka ofisini kwao. Aliyeshika mradi ni Bi Zuhura, mama wa mjini, mpole. Nikampa shikamoo, nikamwomba mafunzo yapangwe upya na wanakijiji wenyewe, kwa Kigiriama, kwa kufuata mila zetu. Akanieleza kwamba bajeti imeshapitishwa, na kwamba siku ya hatari mila huwekwa kando.

Nikamwambia, "Bi Zuhura, Mama hakuziweka kando. Alirudi nazo kwenye maji."

Akasema atafikiria.

Nilirudi tena, na tena. Siku nyingine nilimpelekea viazi vya moto (si hongo wakuu, ilikuwa saa ya njaa). Mwisho akakubali kuja kuona zoezi la kuhama kwa macho yake.

Siku hiyo firimbi ikapigwa. Karisa akaja mpaka ukingo wa uwanja wetu, akasimama, akaupa mlango mgongo. Mama yuko ndani. Katikati yao kuna mbuzi amefungwa.

"We mbuzi," Karisa akasema, "mwambie mama maji yamefika."

Mama akajibu toka ndani, "Mbuzi, mwambie mkwe atangulie na watoto."

"Mwambie siwezi kutangulia, nimeandikwa nimbebe yeye."

"Basi mwambie huyo aliyemwandika aje abebwe yeye."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Bi Zuhura naye alicheka, kisha akatazama saa, akaacha. Muda wa zoezi ulikuwa umekwisha na Mama bado yuko ndani.

Akaniuliza polepole, "Na yangekuwa maji kweli?"

Nikamtandikia mkeka kwa kina mama.

Aliketi mkekani na kina mama mchana kutwa. Ubishi ulikuwa mkali, wengine wakisema mila yenyewe imezeeka, tuiache. Ufumbuzi ulitoka kwenye mzaha wa jirani yetu, Mama Kadzo: tubadilishane wakwe. Karisa ambebe yeye, na Safari, mkwe wake yeye, ambebe Mama. Kule shuleni wakwe wa kiume wapewe darasa la mwisho kabisa.

Lakini mpango huo unataka watu wapite nyumba kwa nyumba, waulizane nani ni mkwe wa nani. Fulana haifanyi kazi hiyo.

Bi Zuhura akaenda kubishana na wakubwa zake. Pesa za hoteli ya mwalimu na za fulana zikageuzwa, zikawalipa wakufunzi wa papa hapa, wake kwa waume. Hatukupata yote tuliyoomba. Wenzetu wa ng'ambo ya mto waliachwa.

Mvua za mwaka huu mto ukapanda tena. Firimbi ikalia nikiwa kituoni. Niliacha karai motoni nikakimbia nyumbani, nikakuta mlango wazi, ndani hamna mtu.

Nikakimbilia shuleni.

Mama yuko darasa la kina mama, amenyoosha miguu, anamlalamikia Mama Kadzo kwamba mkwe wake Safari anabeba watu kama magunia ya makaa. Akaniona nikihema mlangoni.

"Wewe ulikuwa wapi?" akaniuliza. "Sisi tumefika zamani."

Nilichojifunza ni hiki: anayetoa pesa za kuokoa watu aulize kwanza ni jambo gani watu hao hawatalifanya hata maji yakiwafika shingoni. Aanze kulipia hapo.

Jumatatu nakwenda tena ofisini, kwa ajili ya wa ng'ambo. Bi Zuhura ameshanitahadharisha kwamba pesa zimekwisha. Nimemsikia, na nitakwenda.

Wakuu wa Marafa, wa Junju, wa popote mlipo: kwenu ni kitu gani kitamfanya mtu akatae kutoka? Andikeni hapa chini, niende nayo.