Kile Kilichonikalia Kifuani Kule Kiringye

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mwaka ule wa uasi, tulikimbia risasi za mtaani kwetu Kalundu tukajibanza kwa mjomba wangu, katika kijiji cha Kiringye. Tulilala watu wanane chumba kimoja, chali, bila nafasi ya kugeuka. Usiku woga ulininyima usingizi, kwa hiyo nilisinzia mchana kwenye mkeka.

Hapo ndipo kilipoanza. Niliamka macho wazi, nikiyaona majani ya paa, lakini mkono haukuinuka wala ulimi haukufunguka. Kivuli chenye kitambaa kichwani kilikuwa kimenikalia kifuani. Kwetu hilo ni jinamizi, na jinamizi hutumwa na mtu.

"Weye umemuona," mjomba alinibana nilipowasimulia. "Sema, ni nani?"

"Sijui. Iko na kitambaa ku kichwa."

Ikatosha. Wanawake wote walifunga kitambaa, lakini mjane asiye na mtoto wa kumtetea alikuwa mmoja tu: jirani yetu, Bibi Nabintu. Mjomba akaapa kumpeleka kwa wapiganaji wa uasi kesho yake. Tulijua walichowafanya walioitwa wachawi. Jioni ile sikula.

Kesho yake mchana kikanirudia. Lakini safari hii nilimsikia Bibi Nabintu nje, anatwanga muhogo, anamkaripia mbuzi. Yeye yuko kule, na kitu kiko hapa! Hasira ikashinda woga. Nikakazana na kidole cha mguu, kidole kimoja tu, hadi kikacheza. Mwili wote ukafunguka, kivuli kikapotea.

Nilitoka mbio. Mjomba na wanaume wawili walikuwa wamekwisha kumshika mkono.

"Si yeye! Minye nilimusikia anatwanga, na ile kitu ilikuwa inanikalia! Muntu moja anaweza kuwa pahali pawili?"

Mjomba alikitazama kinu, muhogo ungali ndani. Kisha akauachia mkono ule. Bibi Nabintu akaketi chini, akalia, halafu akapiga vigelegele peke yake, mpaka mama akamwitikia.

Nilikwisha kuwa mtu mzima pale muuguzi mmoja aliponieleza kwamba akili huweza kuamka mwili ukiwa bado umefungwa na usingizi, na kwamba uchovu, hofu na kulala chali huongeza hali hiyo. Nilifurahi kujua. Lakini ushindi wangu niliupata kabla ya maelezo hayo. Tangu siku ile, sijawahi kumtaja mtu jina ili tu woga wangu upate sura.