Darmi agoma kuzima moshi wa buna Garsen

Saa kumi na mbili asubuhi, basi la kwanza la kwenda Lamu halijafika Garsen, na Darmi Gollo ameshakaa kwenye kigoda chake barazani, kisu kidogo mkononi. Anachinja kahawa.

Ndivyo Waorma wanavyosema, na yeye hana neno jingine la kazi hiyo. Anaokota tunda kavu la kahawa likiwa bado na ganda lake, analikata ncha, analitupa kwenye ungo. Kisha jingine. Zamani wanawake waliuma ncha hizo kwa meno. Darmi anatumia kisu kwa sababu anauza.

"Usipoichinja, ikiingia kwenye samli ya moto inakurukia usoni," anasema bila kuinua kichwa. "Kahawa ina hasira yake. Lazima uifungulie mdomo."

Ungo ukijaa, anamimina matunda kwenye sufuria ya samli iliyo jikoni. Yanalia, yanavimba, yanageuka meusi na kung'aa. Halafu anaongeza maziwa na sukari. Mteja hupewa bakuli: maziwa anayanywa, kahawa anaitafuna. Hiyo ndiyo buna, chakula cha wageni na cha dua katika nyumba nyingi za wafugaji wa nyanda za Tana.

Mkaguzi mmoja wa afya, mgeni mjini, aliwahi kumuuliza anafanya kazi gani hapo barazani. Darmi akamjibu, "Nachinja." Mkaguzi akazunguka jiko mara mbili akitafuta damu.

"Alipoelewa alicheka mpaka akakaa," anakumbuka. "Akanywa bakuli mbili. Tangu siku hiyo akipita hunisalimia, 'Habari ya machinjioni?'"

Wanaomsumbua ni wengine, na wanachomsumbulia ni moshi. Samli ikishika moto, wingu zito hupanda, hugonga dari ya baraza na kuingia madukani. Kwa sababu hiyo Darmi, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu na mama wa watoto wanne, ambaye wengi mjini humwita Mama Nuh, amepewa hadi mwisho wa mwezi huu abadili kahawa yake au aondoke.

Aliyempa neno hilo ni mwenye jengo, Abdikadir Dubow, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Madogo. Kabla ya jengo hilo kusimama, Darmi alikuwa akiuza mahali hapohapo chini ya kibanda cha makuti. Abdikadir alipojenga, alimwachia pembe ya baraza kwa kodi. Kwa muda waliishi vizuri. Kisha likaingia duka la simu, na baada yake duka la nguo.

"Mwenye duka la nguo alinijia na gauni la harusi mkononi," anaeleza Abdikadir. "Akaniambia, 'Nusa.' Nikanusa. Lilikuwa samli tupu. Bibi harusi gani atavaa hilo?"

Si kwamba haijui buna. Wasomali nao huikaanga, na anakiri kwamba nyanya yake alikuwa fundi. "Lakini nyanya aliikaanga nyumbani kwake," anasema, "si chini ya duka la mtu anayenilipa kodi. Mimi simchukii Mama Nuh. Wapangaji wakihama, nitawalipia watoto wangu karo kwa harufu?"

Ushauri wake ulikuwa kwamba Darmi anunue mashine ndogo ya kahawa kama za mjini. Darmi hakuwa ameiona mashine hiyo. Basi Abdikadir alipojua kwamba Darmi anasafiri kwenda Mombasa kumpeleka mama mkwe wake, Abdia, akafanyiwe upasuaji wa jicho, alimwambia: "Ukifika huko, zunguka mahoteli ya kahawa. Ona wenzako wanavyofanya. Ukirudi, fanya kama wao au unipe nafasi yangu."

Kabla ya safari hiyo Darmi hakuwa amewahi kufika Mombasa. Mama mkwe aliporuhusiwa kutoka hospitali na kuambiwa arudi kukaguliwa baada ya siku chache, hakutaka kushinda ndani kwa ndugu zao wa Kisauni, walikofikia. Wakatoka wawili, mmoja akiwa na bandeji jichoni, mwingine akiwa na kifuko cha buna kwenye mkoba, kwenda kutafuta kahawa katika mji wasioujua.

Duka la kwanza lilikuwa na baridi ya kutengenezwa na kiti kirefu ambacho Abdia alikataa kukipanda. Kijana wa mashine aliwaletea vikombe viwili vyenye povu, na juu ya povu amechora jani. Bei ya kikombe ilikuwa mara sita ya bakuli la Darmi, ambalo ni shilingi hamsini.

Abdia aliinamisha jicho lake moja juu ya kikombe. "Darmi," akasema, "hili povu ni la ng'ombe aliyekimbizwa. Na jani ni la nini? Wametuona mbuzi?"

"Mama, kunywa, tumeshalipa."

"Nitakunywa. Jani nawaachia."

Darmi mwenyewe haikejeli kahawa ile. "Si mbaya," anasema. "Nilimaliza kikombe. Yule kijana anajua kazi yake, nilimwangalia mikono. Lakini nilijiuliza: nikienda Garsen na hii, mimi nitakuwa nani? Nitakuwa yeye, ila mbovu kidogo."

Duka la pili na la tatu waliyakuta karibu sawa na la kwanza, mashine ileile, jani lilelile. Siku iliyofuata wakaingia Mji wa Kale, wakamkuta mzee mmoja na dele lake la shaba juu ya makaa, wanaume wamejaa kwenye benchi la ukutani. Mwanamke hakuwepo hata mmoja. Abdia, ambaye miguu ilikuwa imemchoka, alikaa. Darmi akakaa kando yake. Wanaume walitazamana, kisha wakasogea.

"Karibuni mama zangu," mzee akasema, akawamiminia kahawa ya tangawizi kwenye vikombe vidogo. "Mwatoka wapi?"

Darmi alimwambia, akatoa kifuko chake na kumwonyesha yale matunda makavu. Mzee akayageuza kiganjani. "Hii ni buni," akasema. "Siku nyingi sijaiona na ganda lake. Mwaifanyani?"

"Tunaitafuna."

Mzee akageukia benchi. "Mwasikia? Wenzetu waila kahawa. Sisi twanywa maji yake."

Benchi lilicheka, na kila mtu akataka kuonja. Darmi anasema hapo ndipo moyo wake ulianza kutulia, lakini jibu la moshi lilikuwa bado. Alilipata jioni yake, kwa kulinusa kabla ya kuliona.

Walikuwa wakirudi stendi walipoingia kwenye harufu ya kahawa inayokaangwa, nzito kama ya kwake. Watu walikuwa wakipunguza mwendo barabarani, wakigeuza shingo. Ilitoka kwenye kiduka chembamba ambamo mtu mmoja alikuwa akizungusha pipa la kukaangia karibu na mlango. Juu ya pipa lilitoka bomba la bati. Halikwenda juu kwenye paa. Lilipinda na kutazama moja kwa moja kwa wapita njia.

Darmi alimuuliza, "Kaka, mbona bomba lako linawapulizia watu?"

Yule mtu hakuacha kuzungusha. "Mama, hilo ndilo bango langu. Herufi hawasomi. Harufu wanasoma."

Darmi alisimama hapo mpaka Abdia akamvuta mkono. Alipima bomba kwa macho: unene wake, urefu wake, mahali lilipopinda. Usiku ule Kisauni alimwambia mama mkwe kwamba hanunui mashine.

"Nikamwambia vizuri," anasema Abdia, ambaye leo amekuja barazani bila bandeji. "Mashine ingetaka umeme. Umeme wa Garsen nao ni mgeni, huja akipenda."

Saa tatu asubuhi benchi la Darmi limejaa. Silas, mkulima Mpokomo wa Hewani aliyeleta ndizi sokoni, ana bakuli la pili mkononi na hana dalili ya kulipa.

"Ng'ombe wenu waliingia kwenye mahindi yangu wiki jana," anasema. "Leo nakunywa bure mpaka mahindi yarudi."

"Waliokula ni ng'ombe," Darmi anajibu. "Kawadai huko. Hapa toa hamsini."

Silas anatoa hamsini. Wakati huohuo mkokoteni unasimama mbele ya baraza, na fundi Mahadi, anayetengeneza majiko mjini, anashusha dohani ya bati la pipa lililonyooshwa, yenye kiwiko katikati na mdomo mpana. Darmi ameilipia kwa akiba yake ya siku za soko, ambapo akijaliwa hubakiwa na shilingi elfu moja baada ya maziwa, samli na makaa.

Mahadi bado anafunga bolti Abdikadir anapotokea, kofia mkononi.

"Mama Nuh, hii ni nini?"

"Dohani."

"Dohani naiona. Nilikwambia uondoe moshi, hukuambiwa uujengee nyumba."

"Ulisema moshi usiingie dukani. Hautaingia. Utakwenda barabarani."

"Nilisema mashine."

"Ulisema nikaone wenzangu Mombasa. Nimekwenda na mama, na jicho lake bichi, tumezunguka mpaka miguu ikavimba. Nimeona. Wako wenye mashine, na wako wenye bomba. Mimi nimechagua bomba."

"Tajiri, kaa kwanza," Silas anamkaribisha, akigonga benchi. "Mtu asihukumu na njaa."

Abdikadir hakai. Darmi anamimina ungo wa kahawa kwenye samli, na kila mtu anageuka kutazama. Moshi unapanda, unaingia kwenye dohani, unafika kwenye kiwiko, unasita, halafu unarudi nyuma na kumwagika wote ndani ya duka la simu. Mwenye duka anatoka akikohoa na simu tatu mkononi.

"Naam," anasema Abdikadir.

"Kiwiko," anasema Mahadi. "Ni kiwiko tu." Anapanda juu ya kreti, anaufunga mkono kwa kitambaa na kukisokota kile kiwiko. Bati linalia. Moshi unayumba kidogo, kisha unatoka mdomoni kwa mstari mmoja na kufuata barabara hadi yanaposimama mabasi.

Basi la Lamu linapofika, madirisha yanafunguliwa. Mama mmoja anachungulia na kuuliza ni nini kinachopikwa. Wanashuka abiria wanne. Mmoja anataka chai, na Darmi anamwelekeza kwa jirani. Watatu wanakaa, wanakunywa, wanatafuna. Kati yao kijana mmoja anayatazama matunda meusi kwa muda mrefu kabla ya kujaribu. Anapopanda basi ana mengine ameyafunga kwenye karatasi.

Abdikadir ameyaona yote hayo akiwa amesimama. Anaingia duka la nguo, anatoka, ananusa hewa ya mlangoni.

"Mwisho wa mwezi uko palepale," anasema. "Nitanusa kila siku."

"Nusa," Darmi anamjibu. "Kunusa hakutozwi kodi."

Mwenye jengo anaondoka, na mtu hawezi kujua kama uso wake ulikuwa wa hasira au wa kuzuia kicheko. Darmi hajisumbui kuupima. Anasema ameshazungumza na mwenye kiwanja kilicho wazi upande wa pili wa barabara, na nguzo za kibanda ameshaagiza. Akiachwa barazani, atanunua sufuria ya pili na kumfundisha binti yake, Ubah, kazi. Akifukuzwa, dohani imefungwa kwa bolti nne tu, na Mahadi amemwonyesha namna ya kuzifungua.

"Sitabadili kitu," anasema akianza ungo mwingine. "Sufuria ni ileile, samli ni ileile. Nitavuka barabara tu." Ananyoosha kisu kuonyesha kile kiwanja, na vumbi linalotoka huko likija upande wa baraza. "Lakini miezi hii ya kusi, upepo wote unatoka pale, unapita madukani kwanza, ndipo unafika hapa pembeni kwangu. Abdikadir anajua. Mwache afikirie vizuri anataka niwe upande gani."