Picha Iliyokwama Mlangoni

Usiku ule sikuwa nimepanga kulala. Mbele yangu, kwenye kompyuta, palikuwa na badiliko la mwisho alilolipendekeza Tunu kabla hajafariki. Nililisoma upya kama mtu anayesoma tangazo la ukutani huku akingoja kuitwa na daktari: kila neno lilieleweka, na hakuna lililonigusa.

Sina budi kueleza kwanza utaratibu wetu. Sisi ni jumuiya ya waandishi wa programu wanaojitolea. Tunatengeneza programu za bure kwa ajili ya shule na zahanati, kila mtu kwa muda anaoupata. Wageni hutufikia kupitia tovuti yetu. Kwetu hakuna anayeruhusiwa kuipitisha kazi yake mwenyewe: ni lazima mwenzake aisome, aulize, ajibiwe, ndipo aipitishe. Tunu, mmoja wa waanzilishi na rafiki yangu tangu shahada ya kwanza, alikuwa ameupunguza ukurasa wa mwanzo ili ufunguke haraka kwenye simu ndogo. Alikuwa ameiondoa picha kubwa ya waanzilishi, ambamo yeye mwenyewe amesimama katikati, akicheka. Mimi ndiye niliyepewa kazi hiyo niipitie, nami nikamwandikia: "Kwa nini unaiondoa picha?" Homa ikamchukua kabla hajajibu.

Swali likabaki pale pale. Kwa mujibu wa utaratibu, lisipojibiwa, badiliko halipiti. Na hata kama utaratibu ungeruhusu, sikutaka mkono utakaomwondoa Tunu uwe wangu. Wakati huohuo wageni walikuwa wakilalamika kwamba ukurasa unazunguka tu, bando linakwisha, nao wanaondoka. Jioni ile Sele, mratibu wetu, ambaye hunitania kwa sababu ninasomea shahada ya uzamivu, alikuwa amenipigia simu.

"Dokta mtarajiwa, umeshaamua?"

"Bado ninapima."

"Unapima nini, ndugu yangu? Watu wanabisha hodi, hatufungui. Pitisha, au kataa, nimpe mwingine."

"Nivumilie hadi asubuhi."

"Haya. Ila asubuhi nataka neno moja. Usije ukaniletea tanbihi."

Usingizi ulinichukua nikiwa nimekaa kitini.

Nilijikuta katika chumba cha kompyuta tunachoazimwa na shule moja siku za Jumamosi. Ni mchana, feni zimesimama. Mlangoni imekwama picha ile, sasa ina ukubwa wa ukuta, imeingia nusu na haiendi mbele wala hairudi nyuma. Sele anaisukuma kwa bega. Mimi ninakokotoa pembe ya kuiinamishia. Ninaandika hesabu hizo hewani kwa kidole, kwa makini sana, na kila ninapofika kwenye jibu ninalitilia shaka na kuanza upya. Chini ya fremu, kupitia upenyo mwembamba, ninaona miguu ya watu walio nje. Hawapigi kelele. Wamesimama tu.

Kisha siko ndani tena. Niko juani, miongoni mwa wanaongoja, na Tunu yumo kati yao. Ameshika simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, na anaitazama kama wanavyoitazama wenzake. Katika picha, nyuma yangu, anacheka. Hapa hacheki.

"Umekuja," nikasema.

"Nimefika zamani. Sina pa kupita."

Sikushangaa, wala sikuogopa. Nilisema jambo la kiofisi kabisa: "Kuna swali hukunijibu."

Aliitazama picha, akautazama uso wake mwenyewe, mpana kuliko mlango. "Msomi wewe," akasema. "Uso wangu umeziba njia, na bado waniuliza kwa nini?"

Muuguzi mmoja aliyekuwa jirani yake alifunga simu yake, akaitia mkobani, akaondoka. Mzee mwingine akamfuata. Ninawaona wakipungua, ninataka kuwaita, lakini ninalolitoa kinywani ni hili: "Tukikuondoa, nani atajua kwamba ulikuwepo?"

Tulikuwa kwao Tunu sasa, siku ya msiba wake, na viti vya kukodi vimejaa uani. Mama yake ameinama kwenye kizingiti, anasogeza kando viatu vya waombolezaji ili wengine wapate kuingia. Tunu anamsaidia, jozi kwa jozi, na mama yake hamwoni. Anafika kwenye viatu vyangu, vilivyokaa katikati kabisa ya njia. Anaviokota, anapangusa vumbi, ananikabidhi.

"Niondoeni mlangoni," anasema. "Wapite."

Niliamka mikono yangu imekunjwa kifuani, kana kwamba imepakata kitu. Kulikuwa kunapambazuka. Nilimpigia Sele.

"Nimemwota Tunu."

Nilisikia kiti kikivutwa. "Amesemaje?"

"Tumwondoe mlangoni. Watu wapite."

Sele akacheka kidogo, kicheko kilichokatika njiani. "Ndiye huyo. Hata ukimpa kiti cha mbele, anakwenda kukaa nyuma na wageni." Akakohoa. "Sasa wewe unangoja nini?"

Nilirudi kwenye kompyuta. Chini ya swali langu, mahali palipokuwa pakingoja jibu la mwandishi, niliandika maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza wala kupunguza. Nilijiuliza kama ndoto ni chanzo kinachokubalika. Nilianza hata kuyapanga mawazo ya pande zote mbili, kisha nikaona miguu ile chini ya fremu, nikaacha. Nililipitisha badiliko.

Ukurasa ulifunguka papo hapo. Palikuwa na neno la kuwakaribisha wageni, na maelezo mafupi ya mahali pa kuanzia. Hapakuwa na uso wa mtu yeyote. Nilingoja nilie, sikulia. Niliufunga, nikaufungua tena kwa simu, na tena, na kila mara ulifunguka.