Kata Uzi

Fundi Kola aliingia dukani kwangu mara ya kwanza na riili ya uzi iliyokwisha nusu, akataka nimbadilishie. Eti unakatika. Nikamuuliza hiyo nusu nyingine ilikatikia wapi, maana mimi naona imeshonewa. Hakucheka. Akaniambia yeye akiandika neno moja tu jukwaani, duka hili nitaligeuza stoo ya mkaa.

Nikachungulia simu yake, nikaona hatanii. Nikampa riili mpya kwa sharti kwamba hilo neno aliandike, ila liwe zuri.

Jukwaa lenyewe lilikuwa la mtandaoni, la mafundi cherehani. Huko mjadala mmoja huitwa uzi, na uzi wake wa kola ulikuwa umekwenda miaka. Shati likimkaba mteja shingo, fundi alikimbilia kwake. Pembeni ya jina lake palikuwa na nyota na neno "Nguli", na hilo neno alikuwa amelichora hadi kwenye kibao cha banda lake. Kichwa kilimvimba, lakini kola zake zilikaa. Duka langu likasifiwa juu kabisa ya ule uzi, naye akawa ananunua kwa bei ya jumla hata akitaka riili moja.

Kisha mwenye jukwaa akaleta programu mpya.

Mafundi wakawaka. Mmoja alisema weupe wa ukurasa unamuumiza kichwa, mwingine kwamba herufi zimekonda kama zinaumwa. Mshona suti mmoja aliaga wote kwa uchungu, akarudi baada ya chakula cha mchana kuangalia nani amemkosa, akaaga tena. Fundi Kola yalimkuta makubwa zaidi: nyota haipo, na chini ya jina lake pameandikwa "Mgeni". Programu ikamkaribisha na kumwomba ajitambulishe.

"Mimi, dada?" aliniuliza. "Nijitambulishe kwa nani?"

Akafungua uzi wa kupinga. Sasa, chini ya kisanduku cha kuandikia, programu ilikuwa na kitufe cha "Kata uzi". Mwenye jukwaa alimaanisha kufunga mjadala, asiongeze mtu neno. Lakini fundi akimaliza kushona hufanya nini? Fundi Kola akaandika malalamiko yake, akayapiga pindo vizuri, akakata uzi. Mjadala ukafungwa hajaingia mtu. Waliomuunga mkono wakafungua nyuzi zao, nao wakakata. Jukwaa zima likajaa watu wanaogomba, kila mmoja chumbani kwake, mlango umefungwa. Mwenye jukwaa alipoona hakuna anayemjibu mwenzake, akawashukuru wanachama kwa kuyapokea mabadiliko kwa utulivu.

Wala hapo Fundi Kola hakushtuka. Alishtuka alipomjibu mtu mmoja kwenye ule uzi wake wa kola, akakata, na uzi wa miaka yote ukafungwa.

Mkewe, anayeniita wifi kwa kuwa mumewe huniita dada, ndiye aliyenifuata. "Wifi, zungumza na kaka yako," alisema. "Hali chakula, na mashati ya watu yamelala mezani."

Nikaenda bandani kwake, nikampigia mwenye jukwaa mbele yake. Tangazo la duka langu hapo jukwaani linamsaidia kuendesha mambo, kwa hiyo simu yangu huipokea upesi. Akasema kufungua uzi ni kazi ya mkono, kurudisha nyota ni kazi ya mkono, na wanaolia ni wengi. Atafanya kimoja. Mimi niliona jibu liko wazi: uzi ndio unaomletea kazi, na sifa zangu zimo humo. Hata hivyo nikampa Fundi Kola simu aseme mwenyewe.

"Rudisha nyota," alisema.

"Na wanaokuuliza mambo ya kola?" nikamuuliza.

"Wataiona nyota, dada."

Nyota ikarudi. Uzi umebaki umekatwa: unasomeka, lakini huwezi kuuliza. Anayekwama na kola anasoma mpaka juu, anakuta jina la duka langu, anakuja. Fundi Kola anawafundisha akiwa amekalia benchi langu la wateja, na wakisubiri zamu wananunua uzi. Nimepata wateja, nimepoteza benchi. Na riili anazotumia kuwaonyesha mfano hazirudi kaunta.

Yeye amepata nyota. Tangu irudi hajaandika jukwaani hata herufi moja, maana anaogopa kugusa kitu. Huifungua tu simu asubuhi, akaangalia kama nyota bado ipo, akaizima simu.