Fundi wa baridi wa Malaba na barua ya miaka mitatu

Saa mbili asubuhi, foleni ya malori Malaba imeshafika kwenye kona ya reli. Joash Osukuku yuko juu ya lori la siagi na soseji lililotoka Eldoret. Amepiga magoti mbele ya mashine ya baridi, lakini hagusi waya hata mmoja. Anafungua kifuniko, anatoa chujio la hewa na kulipigapiga kwenye paja lake. Vumbi jekundu linamwagika hadi kwenye viatu.

Chini, dereva wa lori, Ojakol, anatazama saa yake mara ya tatu.

"Mzee, nimekuita utengeneze mashine, wewe unanifulia nguo! Piga moja kwa moja niende."

"Nguruwe wa soseji zako alishakufa, Ojakol," Osukuku anamjibu bila kugeuka. "Yeye hana haraka. Haraka ni yako."

Wapakuzi walioketi kivulini wanacheka. Mmoja anamwita "Fundi Upepo", jina ambalo Malaba yote inalijua. Wageni hudhani ni jina la sifa. Osukuku mwenyewe, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, anasema ni jina la adhabu, na kwamba amelikubali.

Kupiga moja kwa moja ni desturi ya mafundi wa hapa, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kila mashine ya baridi ina themostati, kidude kidogo kinachopima baridi na kuiamuru mashine isimame au iendelee. Mashine ikisumbua, fundi mwenye haraka huing'oa themostati na kuziunga nyaya zake mbili. Mashine huzunguka bila kusimama, dereva huona baridi, hulipa na kulikimbilia geti la mpaka kabla halijafungwa saa kumi na mbili jioni.

"Hapa kila kitu ni geti," anasema Osukuku. "Mtu akila, anakula akitazama geti. Akiomba Mungu, anaomba geti lisifungwe. Na mimi nilikuwa fundi wa geti. Nilipiga moja kwa moja mashine nyingi, sikumbuki hata idadi. Moja tu ndiyo naikumbuka."

Ufundi aliupata Kisumu, katika kiwanda cha barafu, chini ya mzee mmoja aliyeitwa Ochuodho. Mzee huyo hakujua kusoma, lakini alikuwa na kanuni ya maneno manne aliyowakaririsha wanafunzi wake kama katekisimu: upepo, umeme, gesi, kichwa. Kwanza utazame kama hewa inapita. Kisha umeme. Kisha gesi. Kichwa, yaani themostati, ndicho cha mwisho kushukiwa.

"Alikuwa akisema, usimshtaki shahidi kabla hujakagua nyumba," Osukuku anakumbuka. "Tulicheka. Tulikuwa vijana."

Mwaka 1964 alirudi nyumbani, akaoa, akafungua banda lake la mabati karibu na barabara kuu. Mwezi mzuri humpa shilingi mia nne. Mwezi mbaya, mkewe Akurut huuza mihogo, na hawalali njaa. Hana malalamiko kuhusu riziki yake.

Yaliyompata yalianza Februari 1975, wakati wa mavuno ya pamba.

Foleni ya siku hizo ilikuwa ya malori ya pamba. Magunia yalijaa kupita kiasi, na upepo wa mchana ulipovuma, nyuzi nyeupe zilipeperuka juu ya mji wote, zikanasa kwenye nywele za watu na kwenye uji. Katikati ya malori hayo lilisimama gari ambalo Malaba haikuwahi kuliona: gari-nyumba, lenye kitanda, jiko, mapazia ya maua, na mashine ya baridi juu ya paa iliyoendeshwa na jenereta ndogo.

Ndani yake walikuwamo mzee wa Kizungu na mkewe, wakazi wa Kitale. Mzee alikuwa fundi wa barabara aliyestaafu. Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo, na daktari alimruhusu kusafiri kwa sharti moja tu, kwamba asikae kwenye joto.

Walikuwa wakienda mji wa Kumi, upande wa Uganda, kuliona kaburi la mtoto wao wa pekee. Kijana huyo alikuwa mwalimu huko. Kwa kuwa alifika kijijini usiku, Wateso wa huko walimpa jina Ekwaro, yaani wa usiku, na kwa jina hilo walimzika alipokufa kwa homa. Wazazi walikuwa nje ya nchi, hawakuyawahi mazishi. Kwa mwaka mzima waliomba kibali cha kuvuka. Walichopata kilikuwa cha siku tatu, cha kuingia mara moja.

"Akurut alipolisikia jina la mtoto, akaanza kumwita yule mama kwa heshima ya kwetu, Mama Ekwaro," anasema Osukuku. "Mama alilia. Alisema tangu mtoto afe hakuna aliyemwita mama."

Gari lilikuwa limekaa kwenye foleni siku mbili, madirisha wazi, huku mashine ikizunguka. Siku ya pili mchana mashine ilianza kuwaka dakika chache na kuzima, ilhali chumba kingali moto. Mzee alikuja bandani akitokwa na jasho. Ilikuwa saa kumi, na zamu yao ya kupita geti ilikuwa imekaribia.

Osukuku alipanda ndani akiwa na bisibisi. Nyuma yake, madereva walikuwa wakipiga honi na kelele. Ojakol, huyu huyu wa soseji, alikuwa miongoni mwao.

"Ni kweli nilikuwepo," Ojakol anakiri, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hatazami saa. "Nilimwambia, fundi, wewe ndiye umefunga Uganda leo? Piga moja kwa moja! Sote tulisema hivyo."

"Mliyasema ninyi," anasema Osukuku, "lakini bisibisi ilikuwa mkononi mwangu."

Mashine ilikuwa inazima kabla chumba hakijapoa. Osukuku alijiambia kwamba themostati inasema uongo. Hakufungua chujio. Hakupima umeme. Aliing'oa themostati, akaunga nyaya, na ndani ya dakika kumi gari-nyumba likawa na baridi ya asubuhi ya Kitale. Mama alipiga makofi kama mtoto. Mzee alimpa shilingi thelathini. Mama alimkabidhi Akurut mche mmoja wa waridi jeupe ndani ya mkebe wa mafuta. Alikuwa amebeba miwili ya kupanda kaburini, na aliogopa safari ingeiua yote. "Moja kaa hapa," alisema. "Kama ile ingine nakufa, mimi napitia hii."

Geti lilifunguliwa. Gari likavuka.

Siku ya pili yake, saa sita mchana, gari-nyumba lilirudi.

Walikuwa wamelala Tororo. Asubuhi, njiani kuelekea Mbale, hewa ya baridi ilipungua kidogo kidogo hadi ikakoma kabisa, ingawa mashine ilikuwa ikinguruma. Chumba kikawa tanuru. Mzee alifungua madirisha, lakini jua la Februari lilimshinda. Mama alizimia. Hakukuwa na la kufanya ila kugeuza gari kumrudisha kwa madaktari wake.

Mzee alimwomba Osukuku aitazame tena mashine ili wafike Kitale. Mama alikuwa amelazwa bandani, kwenye mkeka wa Akurut, kitambaa chenye maji kikiwa kwenye paji la uso. Osukuku alipanda peke yake. Safari hii alianza na upepo.

Chujio lilitoka likiwa limefunikwa pamba, nene kama blanketi la mtoto mchanga. Nyuma yake mabomba yote yalikuwa ndani ya barafu.

"Hapo nikaelewa yote," anasema. Anashuka kwenye lori taratibu na kuketi kwenye gurudumu la akiba. "Pamba ilizuia hewa. Hewa isipopita, baridi inabaki kwenye mabomba, haifiki chumbani. Themostati iko pale pale kwenye mabomba. Iliona baridi kali, ikazima mashine. Ilikuwa inasema kweli! Ilikuwa inaniambia, simamisha, kuna shida hapa. Mimi nikaing'oa. Mashine ikazunguka bila mtu wa kuikataza mpaka ikajifungia ndani ya barafu yake. Kulipiga lile chujio kwenye paja, dakika mbili. Dakika mbili tu, yule mama angefika kwa mtoto wake."

Aliisafisha, akairudisha themostati mahali pake, na mashine ikafanya kazi kama mpya. Aliposhuka, mzee alimuuliza kilikuwa nini.

"Nikasema ni mashine ya zamani. Nikasema mashine hizi ndivyo zilivyo."

Huo ndio uongo wa kwanza. Wa pili haukuhitaji hata maneno. Walipokuwa wakimsaidia mama kupanda garini, alimshika Osukuku mkono na kumwambia kwa Kiswahili chake cha shambani, maneno ambayo fundi huyu anayarudia akitazama chini:

"Fundi, asante. Wewe nafanya kazi mzuri. Pengine Mungu hapana taka mimi ona mtoto."

Osukuku alinyamaza. Pamba ilikuwa mfukoni mwake, bado ina maji.

Kibali kilikuwa kimekwisha kutumika. Miezi michache baadaye wazee hao waliuza kila kitu na kurudi kwao Ulaya. Kila Krismasi hutuma kadi. Anuani ni ile ile, na kila mara mama huuliza mambo mawili: kama Akurut hajambo, na kama waridi bado hai.

Waridi ni hai. Limepanda hadi kwenye paa la banda, na huchanua hata wakati wa kiangazi, kwa sababu Osukuku hulimwagilia maji yanayodondoka kwenye mashine anazotengeneza. Akurut hujibu kadi kuhusu waridi. Kuhusu pamba hakuna aliyewahi kuandika.

Kanisani, Osukuku huketi benchi la nyuma. Kwa miaka mitatu hajapokea Ekaristi. Anasema alikwenda kuungama, naye padri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba Mungu husamehe, lakini kuna mtu mwingine anayebeba mzigo usio wake, na huyo lazima atuliwe.

"Kama ningevunja mashine tu, ningeilipa," anasema. "Kama ningemwibia, ningemrudishia. Lakini mimi nilimwacha mama mgonjwa akiamini kwamba Mungu ndiye aliyemfungia mlango. Nilimsingizia Mungu kwa kunyamaza. Hiyo inalipwa na nini?"

Kwa muda mrefu alikuwa na jibu lake. Angevuka mpaka, afike Kumi, aulize kaburi la Mwalimu Ekwaro, apande tawi la waridi lile, apige picha, halafu ndipo aandike. Barua yenye picha ingekuwa na kitu cha kumpa mama. Lakini miaka hii watu wa upande huu hawavuki ovyo. Jamaa zake wa Tororo wamempa habari za njia za vichakani. Amezikataa.

"Kaburi la mtu haliendewi kwa njia ya panya," anasema.

Akurut, aliyekuwa akimenya mihogo mlangoni pa banda, hatua chache kutoka lorini, anaweka kisu chini.

"Baba, wewe hutaki kwenda kama panya, lakini kukaa shimoni kama panya unataka."

Wapakuzi hawacheki safari hii.

"Kadi ya mwaka huu umeiona," anaendelea. "Mwandiko unatetemeka. Mwaka uliopita haukutetemeka. Unangoja geti, na yule mama hana geti la kungoja. Waridi haliwezi kumwambia."

"Nitaandika nini, Akurut? Niseme nini kwanza?"

"Kwani Mzee Ochuodho alikufundisha uanze na nini? Anza na kilichoziba."

Osukuku anapanda tena juu ya lori, anarudisha chujio, anafunga kifuniko. Mashine inanguruma, na baada ya muda themostati inalia tiki, mashine inasimama yenyewe. Anangoja, sikio likiwa karibu, mpaka inalia tena na mashine kuendelea. Ni hapo tu anapompungia Ojakol mkono aende. Themostati haijaguswa. Ada ni shilingi kumi, ya kusafisha tu.

Ojakol anawasha gari, kisha anachungulia dirishani. "Mzee Joash. Ukiandika, weka na jina langu. Sema kulikuwa na dereva mjinga aliyepiga honi."

"Dhambi yako iandike wewe," Osukuku anamwambia, lakini anatabasamu kidogo.

Mpango wake sasa ni huu. Kumi atakwenda siku Mungu atakapofungua njia, kwa geti, mchana kweupe, akiwa na waridi kwenye mkebe. Mwanawe wa kike, Amuron, aliye darasa la sita, amefundishwa namna ya kulikata tawi, ili kazi ifanyike hata kama baba yake hatakuwepo. Anatumaini Jumapili moja kurudi benchi la mbele.

Barua, hata hivyo, haitangoja Kumi. Alasiri, foleni ikiwa imepungua, Akurut anamletea daftari la Amuron. Osukuku anajifuta mafuta mikononi na kufanya ishara ya msalaba. Kutoka kwenye kopo la skrubu anatoa kibonge kidogo cha kijivu kilichokauka, pamba ya mwaka ule, na kukiweka juu ya meza mbele yake.

Kisha anaandika, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea, na kuruhusu mistari ya kwanza isomwe:

"Mama Ekwaro, waridi hajambo. Mungu hakukukataza kumwona mtoto. Ilikuwa pamba, na ilikuwa mimi."