Bakuli Lililokohoa

Madam wangu wa Jeddah alikuwa na kabati la vioo lililojaa vyombo vya udongo vya Uingereza, vya wafinyanzi wa zamani waliofinyanga kimoja kimoja kwa mkono. Alivinunua mnadani kwa simu. Kila kilipofika alikipindua, akanionyesha muhuri wa mfinyanzi kwenye kitako. Moyoni nilicheka. Vilikuwa vya kahawia, vizito, kama vya nyanya yangu, aliyefinyanga vyungu vya kuuza maisha yake yote huku sisi tukilia katika vilivyopasuka. Mfinyanzi hulia gaeni.

Nyanya alinifundisha kugonga chungu kwa kidole na kusikiliza. Kizima hulia. Chenye ufa hukohoa.

Siku moja nilikuwa nikiosha bakuli ambalo madam alilipenda kuliko yote, nikaligongesha kwenye mfereji. Sikuona kitu. Nikaligonga kwa kidole, likakohoa. Nililikausha, nikalirudisha kabatini, nikanyamaza.

Wiki iliyofuata mwenzangu wa kazi, Mkenya mdogo kwangu aliyeniita dada, alilinyanyua apanguse vumbi. Likabaki vipande viwili mikononi mwake.

"Haki ya Mungu, madam, nimelishika tu!"

"Halas," madam akasema, yaani basi, yamekwisha.

Kufikia Ijumaa mwenzangu alikuwa amepelekwa Riyadh kwa dadake madam, nyumba ya watoto saba na mfanyakazi mmoja. Nilimsaidia kufunga begi. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine. Nilijua nikisema, begi litakuwa langu.

Idd tulikwenda Riyadh. Nilimkuta jikoni, amekonda, vidole vimechubuka kwa sabuni. Alinikumbatia kwa furaha, na furaha ile ilinichoma. Kisha akatoa bakuli la kahawia alilokuwa amelinunua Batha siku aliyotumwa sokoni.

"Dada, nipelekee madam. Mwambie najua si la Uingereza, lakini nimejaribu. Labda atanirudisha Jeddah."

Nililipokea. Sikumpa madam. Ningesimamaje mbele yake kumwombea mwenzangu msamaha wa kosa langu mimi?

Sasa niko nyumbani Kenya, na bakuli liko juu ya kabati langu. Nimeligonga mara nyingi. Linalia vizuri, ni zima kabisa. Juzi alinipigia simu kutoka Riyadh, akauliza kama madam alilipenda. Nikasema alilipenda sana.

"Basi dada," akasema, "wacha ningoje."