Kiwanja Kilichochukuliwa na Baba Mkwe

Nilimpigia baba mkwe kelele mbele ya watu, mimi ambaye kwa desturi yetu sipaswi hata kumtazama usoni. Bado naona haya ninapoandika. Yeye ndiye mkubwa wa mtaa wetu hapa Kasongo, na ndiye aliyewapa wachimba dhahabu kiwanja cha watoto ili waoshee mchanga wao.

Asubuhi ile mchimbaji mmoja aliupasua kwa koleo mpira wa majani ya ndizi ambao watoto waliufunga wenyewe. Binti yangu alirudi akilia. Nikatoka mbio hadi kiwanjani, ambako baba mkwe aliketi na wachimbaji.

"Watoto wachezee nyumbani," baba mkwe alisema, akitafuna karanga.

"Nyumbani wapi, baba? Kati ya mbabula ya makaa na choo?" nilifoka, nikimkazia macho. "Kiwanjani walijifunza kugombana na kupatana bila sisi. Sasa wanakaa ukutani kama wagonjwa!"

Mchimbaji akacheka. "Bwana yako iko wapi, mama, akufunge mudomo?"

Mama mkwe, aliyesimama kando, alijifunika uso kwa kikwembe. Hapo aibu ikanishika, nikageuka nikarudi nyumbani.

Kesho yake nilimpelekea baba mkwe kuku, nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Akampokea.

"Imekwisha, binti yangu."

"Ya kelele imekwisha, baba."

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja ofisi ya komini, inayosimamia mitaa yote, na macho yangu chini, nikaandikisha mashtaka: mkubwa wa mtaa ametoa kiwanja cha watoto bila kuwauliza wazazi, na tunataka kirudishwe.